Mkono Dhaifu, Kada Ipi? Kuchagua Mhusika katika Gemu za Mtandaoni

Chanzo cha mkanganyiko

Mchezaji ambaye vidole vyake havimtii sawasawa akiuliza aanze na kada ipi katika gemu kama World of Warcraft, hapati jibu moja. Wa kwanza humwambia achukue mwindaji, amalize. Wa pili humwambia mwindaji ana mambo mengi, heri paladini, kwa kuwa deraya yake ni nene na hafi ovyo. Wa tatu humwambia achukue yeyote ampendaye, maana siku hizi kitufe kimoja kinatosha kupigana. Wa nne humshauri aiache gemu hiyo kabisa ahamie nyingine yenye mwendo wa taratibu. Wote wanne wanasema kwa nia njema na kila mmoja ana ushahidi wake. Muulizaji hubaki palepale alipokuwa.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kada ni kazi ambayo mhusika huifanya vitani: mwindaji mwenye upinde na mnyama wake, mchawi wa moto, mganga anayeponya wenzake, mpiganaji mwenye ngao. World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, leo ina kada 13, na ndani ya kila kada kuna michepuo, kama ilivyo michepuo ya masomo sekondari. Uamuzi huu hufanywa dakika ya kwanza kabisa, kabla mtu hajaonja lolote, kisha huishi nao miezi au miaka.

Mkanganyiko wenyewe unatokana na neno moja, nalo ni "rahisi". Kwa mtu mwenye mikono mizima, kada rahisi ni ile inayoeleweka upesi: stadi chache za kukariri, makosa machache ya kufanya. Huo ni urahisi wa akili. Mwenye mkono dhaifu mara nyingi hana shida ya kuelewa. Anajua barabara ni kitufe gani kinatakiwa sasa hivi, ila kidole kinafika kimechelewa, au kinafika kwenye kitufe cha jirani, au kinafika vizuri kwa nusu saa ya kwanza kisha kinaanza kuuma. Orodha nyingi za kada rahisi zimepangwa kwa kipimo cha akili, halafu zinasomwa na watu wanaotafuta wepesi wa mkono. Hapo ndipo ushauri mzuri unapogeuka kuwa mbaya bila mtu yeyote kukusudia. Waswahili walishasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jambo hili si dogo. Mats Steen, kijana wa Norway aliyezaliwa na ugonjwa wa Duchenne unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka, alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba mtoto wao aliishi maisha ya upweke. Baada ya kifo chake ndipo walipoanza kupokea barua pepe kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, kutoka kwa watu waliomjua kupitia mhusika wake wa World of Warcraft, Ibelin, na baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Filamu ya mwaka 2024 iliyosimulia maisha yake iliifikisha habari hiyo kwa watu wengi. Kwa hiyo anayeuliza achukue kada gani huenda anauliza kitu kikubwa kuliko mchezo. Huenda anauliza kama ataweza kukaa na watu.

Mkono wenyewe umepungukiwa na nini

Upungufu wa mkono si wa namna moja. Kabla ya kutaja kada yoyote inabidi kutenganisha mambo matano: nguvu, kasi, usahihi, ustahimilivu, na idadi ya vidole au mikono inayofanya kazi.

Aliyepatwa na kiharusi kikamlegeza upande mmoja anaweza kuwa na mkono wa pili wenye kasi na usahihi kamili. Kilichopungua kwake ni idadi. Hali ni hiyohiyo kwa aliyeanguka na bodaboda akachanika mishipa ya fahamu ya bega, mkono mmoja ukabaki unaning'inia. Mwenye baridi yabisi ana mikono yote miwili na vidole vyote kumi, lakini anayo akiba ndogo ya mibonyezo kwa siku. Akiimaliza saa mbili usiku, kesho yake hawezi kushika kikombe. Aliyezaliwa na mtindio wa ubongo anaweza kuwa na nguvu tele, ila mkono unaruka wenyewe na kubonyeza asichokusudia. Mwenye ugonjwa wa misuli naye huenda hawezi kuinua mkono kutoka mezani, huku ncha za vidole zikifanya miondoko midogo kwa ustadi wa hali ya juu.

Watu wa hali hizi nne hawawezi kupewa kada moja. Wa kwanza anahitaji stadi chache zinazotosha ubavuni mwa kipanya kimoja. Wa pili anahitaji mwendo wa polepole, hata kama vitufe ni vingi. Wa tatu anahitaji kada inayosamehe kosa. Wa nne anahitaji vitufe vilivyokaribiana, na haathiriki sana hata kama vinapaswa kubonyezwa haraka.

Hesabu ya mibonyezo

Gemu nyingi za aina hii zina muda wa kusubiri wa pamoja: ukitumia stadi moja, karibu stadi zote nyingine hufungwa kwa muda mfupi. Katika World of Warcraft muda huo kwa kada nyingi ni sekunde 1.5, na hupungua kadiri mhusika anavyopata vifaa vinavyomwongezea kasi. Kwa wengine, kama Rogue anayevizia kwa visu, ni sekunde 1. Katika Final Fantasy XIV kipimo cha msingi ni sekunde 2.5.

Zidisha uone. Kwa sekunde 2.5 mchezaji anabonyeza mara 24 kwa dakika. Pambano la dakika 10 linamgharimu mibonyezo 240. Kwa sekunde 1.5 ni mara 40 kwa dakika, yaani 400. Kwa sekunde 1 ni 600. Hiyo ni kabla ya kuhesabu kutembea, kugeuza kamera na kuchagua adui. Mwenye baridi yabisi anapokwenda kwa Rogue badala ya kada ya mwendo wa kawaida anauongezea mkono wake nusu ya mzigo, na hakuna orodha ya kada rahisi inayomwonya.

Hesabu hii ina mtego wake. Final Fantasy XIV huruhusu kupenyeza stadi nyingine za papo kwa papo kati ya pigo moja na jingine, na kwa baadhi ya kada upenyezaji huo hufikia stadi mbili kila mara. Zile sekunde 2.5 tulivu hugeuka msongamano. Kwa hiyo kipimo cha gemu nzima hakitoshi. Lazima kada yenyewe ihesabiwe.

Kuna jambo la kutia moyo hapa ambalo wengi hawalifahamu. World of Warcraft hupokea mbonyezo kabla ya muda wa kusubiri kuisha na kuuweka kwenye foleni. Kwa mpangilio wa kawaida dirisha hilo ni milisekunde 400. Asiyeweza kubonyeza kwenye ncha ya sekunde hapotezi kitu akiwahi kidogo. Jambo hilo linawafaa pia wachezaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ambao kwa kuwa gemu hiyo haina seva Afrika, kwa kawaida huunganishwa na za Ulaya na hucheza na ucheleweshaji wa mtandao juu ya udhaifu wa mkono.

Hoja ya kwanza: chukua mwindaji

Wanaomtetea mwindaji, hasa mchepuo wa Beast Mastery, wana hoja iliyojengwa juu ya miaka mingi. Wanataja mambo matatu. Anapiga kutoka mbali. Anapiga huku anatembea. Na ana mnyama anayekwenda mbele yake kupokea mapigo.

Uzito hasa uko kwenye la tatu, ingawa watu hupenda kulitaja la kwanza. Simba au dubu anapomshika adui, mchezaji anapata muda: muda wa kuangalia skrini, kusogeza kidole, kukosea na kurudia. Katika uchezaji wa peke yako muda ndio fedha ya mkono dhaifu. Msingi wa mashambulizi yake ni mdogo pia: Kill Command, Barbed Shot na Cobra Shot hufanya sehemu kubwa ya kazi, na zote hutolewa bila kusimama. Mchawi anayelazimika kusimama sekunde mbili ili moto wake utoke, akisogea kidogo uchawi unakatika na anaanza upya. Mtu ambaye mkono wake huruka bila kutaka hulipa gharama hiyo mara nyingi sana. Mwindaji halipi.

Lakini hoja hii ina nyufa. Mwindaji ana stadi nyingi za pembeni: mitego inayotupwa chini mahali maalumu, kuruka kinyumenyume, kujifanya amekufa, kuita na kufufua mnyama. Mitego inataka usahihi wa kipanya, ingawa makro fupi (amri iliyoandikwa tayari na kuwekwa kwenye kitufe) yenye neno "@cursor" huifanya iangukie pale kishale kilipo bila kubonyeza mara ya pili. Ufa mkubwa zaidi huonekana kwenye makundi. Kwa sababu mwindaji anaweza kupiga huku anakimbia, viongozi wa makundi humpa kazi za kukimbia: peleka ule moto pembeni, wavute wale maadui, zunguka uwanja. Sifa iliyomfanya awe mwepesi kwenye mchezo wa peke yake humletea mzigo mzito zaidi mbele ya wenzake. Anayechagua mwindaji na kutamani mapambano makubwa ya makundi aseme mapema kwa kiongozi wake kwamba kazi hiyo apewe mwingine.

Ufa wa mwisho unahusu ushauri wowote unaotaja jina la kada: majina huchakaa. Mwaka 2016 mchepuo mmoja wa mwindaji, Survival, uligeuzwa kutoka kupiga kwa mbali ukawa wa kupigana ana kwa ana. Aliyeuchagua kwa ajili ya mkono wake aliamka na kukuta sababu yake imeondolewa. Katika Final Fantasy XIV ilikuwa kinyume. Summoner, mwita majoka, alikuwa mtu wa kufuatilia mambo mengi kwa pamoja hadi Desemba 2021 alipoundwa upya, na leo ni miongoni mwa kada nyepesi kuliko zote kwa mkono. Ushauri wa mwaka 2020 ungemfukuza mtu kutoka kwenye kada inayomfaa leo.

Niongeze neno moja kuhusu "vitufe vichache", kwa kuwa hapa watu wengi hupotea. Demon Hunter wa mchepuo wa Havoc husifiwa kwa uchache wa vitufe, na sifa hiyo ni ya kweli. Ila anapigana akiwa amemkaribia adui, kwa kasi kubwa, na miruko yake humrusha mbele au nyuma umbali mrefu. Mbonyezo mmoja usiokusudiwa humtupa shimoni. Kwa aliyepungukiwa idadi ya vidole huyu anafaa. Kwa mwenye mkono unaoruka ni balaa. Paladini wa Retribution, ambaye naye hupigana kwa karibu, ni bora zaidi kwa huyo wa pili: vitufe vyake si vichache vile, lakini deraya yake na kinga yake humpa nafasi ya kukosea na kuishi.

Hoja ya pili: chukua umpendaye, badilisha kilicho mkononi

Upande huu husema kwamba tatizo haliko kwenye kada, liko kwenye kibodi. Kibodi ilibuniwa kwa ajili ya kuandika, ikaazimwa na wacheza gemu, na hakuna sheria inayomlazimu mtu mwenye mkono mmoja kuitumia.

Vifaa vipo. Kipanya chenye vitufe 12 ubavuni, ambacho Razer Naga ya mwaka 2009 ilikieneza, humwezesha mwenye mkono mmoja kutembea, kulenga na kupiga bila kugusa kibodi, hasa World of Warcraft inapowekwa kwenye hali ya kutembea kwa kubofya mahali. Pedali za miguuni hupunguza kazi ya vidole. Xbox Adaptive Controller, iliyotoka mwaka 2018 kwa bei ya dola 99.99, ina vitufe viwili vikubwa kama sahani na matundu 19 ya kuchomekea swichi za nje, na hufanya kazi kwenye kompyuta ya Windows. Sony nao walitoa kifaa chao, Access, Desemba 2023. Mashirika kama AbleGamers la Marekani na SpecialEffect la Uingereza hufanya kazi ya kumsaidia mchezaji mmoja mmoja kupata mpangilio unaoufaa mwili wake.

Udhaifu wa hoja hii kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni bei. Dola 100 kabla ya usafiri na ushuru si fedha ya kujaribia kitu, na swichi za dukani huuzwa kando. Ila kuna siri ndogo ndani ya kifaa kile cha Xbox: matundu yake ni ya milimita 3.5, sawa na tundu la spika za masikioni la simu ya zamani, na swichi inayochomekwa humo kazi yake ni kufunga na kufungua mzunguko wa umeme, basi. Fundi redio wa mtaani mwenye chuma cha kulehemu risasi anaweza kutengeneza kitufe kikubwa cha kubonyeza kwa kiwiko, kwa goti au kwa kidevu, kutokana na swichi ya kawaida na waya wa spika mbovu. Ubongo wa kifaa ndio unaohitaji kuagizwa. Viungo vinaweza kutengenezwa hapahapa.

Udhaifu wa pili hauhusu fedha. Kifaa huhamisha mzigo, hakiufuti. Vitufe 12 vya kipanya huuelekeza mzigo wote kwenye kidole gumba kimoja, na kidole gumba hicho nacho huchoka. Pedali hutaka kiti cha urefu sahihi. Mtu anapohamishia kila kitu kwenye mkono uliobaki mzima, anapaswa kujua kwamba ameuwekea rehani mkono pekee alio nao. Hili sioni likisemwa vya kutosha, na ndilo la hatari kuliko yote.

Hata hivyo hoja hii inagusa ukweli ambao ile ya kwanza inaukwepa. Mtu hukaa na gemu kwa sababu ya mapenzi. Anayeota kuwa mchawi wa barafu akalazimishwa uwindaji kwa sababu "ndio rahisi kwa watu kama wewe" ataacha baada ya wiki tatu, na atakuwa ameambiwa kwa mara nyingine kwamba mwili wake ndio unaomchagulia.

Hoja ya tatu: mwachie mchezo akusaidie

Hoja hii ni changa na imebadilisha mjadala wote. Juni 2025, World of Warcraft iliweka ndani yake msaidizi wa mapigo wa namna mbili. Namna ya kwanza humulika kitufe kinachofuata. Ya pili hukusanya mashambulizi kwenye kitufe kimoja: unabonyeza hichohicho, mchezo unachagua pigo. Tangu 2022 ilikuwapo pia hali ya kushikilia kitufe ili stadi ijirudie bila kubonyezwa tena na tena.

Kabla ya hapo, sheria ya gemu hiyo ilikuwa mbonyezo mmoja, tendo moja, na mtu aliyetumia programu ya nje kumchagulia mapigo alihatarisha akaunti yake. Mwenye ulemavu alikuwa njia panda: avunje sheria acheze, au aitii abaki nyuma. Msaidizi rasmi ameiondoa aibu hiyo. Sheria dhidi ya programu za nje bado ipo, kwa hiyo anayeuziwa "makro za siri" za kibodi akae nazo mbali.

Msaada huu una bei. Kitufe kimoja huongeza sekunde 0.2 kwenye muda wa kusubiri. Sekunde 1.5 inakuwa 1.7, na mapigo 40 ya dakika yanakuwa kama 35. Watengenezaji wanalenga wasimfanye msaidizi awe bora kuliko mkono stadi, na lengo hilo linaeleweka. Kwa mchezo wa kawaida hasara hiyo haionekani. Mtu ambaye mkono wake ulikuwa unatoa mapigo 20 kwa dakika hapotezi chochote, anapata faida kubwa. Kwa maoni yangu, hata hivyo, tozo hiyo ingefaa iondolewe kwa mchezo wa peke yako, ambako hakuna wa kumwonea.

Pungufu kubwa ni kwamba msaidizi anajua kushambulia tu. Hakukingi unapopigwa, hamkatizi adui anayetamka uchawi wa kuua kundi, haponyi wenzako, hakusogezi kutoka motoni. Kwa hiyo kada bado ina maana. Ukitumia kitufe kimoja na mhusika dhaifu anayepigana kwa karibu, mkono uliookolewa kwenye mashambulizi utatumika kukimbia. Ukikitumia na mwindaji mwenye mnyama au paladini mwenye kinga, unapumzika kweli. Hoja ya kwanza na ya tatu zinazotajwa kama wapinzani hufanya kazi vizuri zaidi zikiunganishwa.

Kuhusu kushikilia kitufe badala ya kubonyeza mara nyingi, tahadhari ni moja. Kwa mwenye maumivu ya viungo kushikilia huwa nafuu. Kwa mwenye misuli dhaifu, kukaza kidole dakika tano bila kulegeza huchosha kuliko kugonga mara mia. Mkono wenyewe ndio wa kuulizwa.

Hoja ya nne: badilisha gemu

Wanaosema hivi husikika kama wanafukuza watu, lakini wana la maana. Final Fantasy XIV ilitengenezwa tangu mwanzo ichezwe pia kwa kidhibiti cha PlayStation, na mpangilio wake wa vitufe hubeba stadi 16 kwa vidole vichache visivyohama mahali. Asiyeweza kuinua mkono kutoka mapajani hucheza vizuri humo kuliko kwenye kibodi. Tatizo lake ni makro: stadi ikitolewa kwa makro haiingii kwenye foleni, hivyo njia za mkato zinazosaidia kwenye World of Warcraft huku hupunguza kasi. Kada za kuanzia ni Summoner, kisha Dancer, ambaye hupiga kwa mbali akitembea. Black Mage anayesimama muda mrefu na Ninja anayefuatanisha ishara za vidole kwa haraka wasubiri.

Guild Wars 2, ya Agosti 2012, ina vitufe vichache kwa mpangilio: vitano vya silaha, kimoja cha kujiponya, vitatu vya msaada na kimoja kikubwa. Huruhusu stadi moja ijirudie yenyewe bila kubonyezwa, na Necromancer mwenye jeshi la wafu hulisimamisha mbele yake kama mwindaji anavyomsimamisha dubu. Kinachoifanya iwe ngumu ni kukwepa. Adui mkubwa akiinua nyundo, lazima ujiviringishe sasa hivi, si nusu sekunde baadaye. Aliyepungukiwa kasi ataumia humo hata kama vitufe ni vichache.

Na wenye kuponya?

Mara kwa mara mtu huambiwa: kuwa mganga, unasimama nyuma tu. Ushauri huu ni mbaya kwa walio wengi. Mganga hulenga visanduku vidogo vya wenzake kwa kipanya, chini ya shinikizo, na kosa lake humwua mwingine. Mwenye mkono usiolenga vizuri asianzie hapo. Mwenye mkono wa polepole ila sahihi anaweza, akitumia mpangilio wa kubofya jina la mtu moja kwa moja ili kumponya. Kazi ya mlinzi anayeongoza kundi nayo isubiri, kwa kuwa wenzake wote huenda kwa mwendo wake.

Mizani

Tukiziweka hoja nne pamoja, hakuna inayoshinda peke yake, lakini hazilingani uzito. Mambo ya kuamua nayaona yakifuatana hivi. La kwanza ni mkono: kimepungua nini kati ya yale matano. La pili ni msaada ulio ndani ya gemu yenyewe, kwa kuwa haugharimu kitu na unaweza kuzimwa wakati wowote. La tatu ni kada. Vifaa vya kununua vije mwisho, baada ya kujua ni pengo gani vinakwenda kuziba, kwa kuwa ndivyo vinavyokula fedha.

Kwa mwenye mkono mmoja mzima: mwindaji wa Beast Mastery, kipanya chenye vitufe vya ubavuni, na muda wa kupumzika uliopangwa. Kwa mwenye maumivu yanayoongezeka: mwindaji huyohuyo na msaidizi wa kitufe kimoja, au Summoner wa Final Fantasy XIV kwa kidhibiti. Kwa mwenye mkono unaoruka: paladini wa Retribution au Necromancer wa Guild Wars 2, na stadi za kuruka ziondolewe kabisa kwenye safu ya vitufe. Kwa mwenye nguvu chache lakini vidole sahihi, uwanja ni mpana zaidi kuliko anavyoambiwa. Achukue ampendaye ilimradi vitufe vikae karibu.

Hofu ya kuwaangusha wenzako nayo ina dawa. Tangu Januari 2024 World of Warcraft inaruhusu kuingia kwenye baadhi ya mapango na wenzako wanaoendeshwa na kompyuta, wasiokuwa na haraka wala lawama, na Final Fantasy XIV ina utaratibu kama huo. Jifunze humo kwanza.

Kujaribu hakuhitaji fedha. World of Warcraft ni bure hadi kiwango cha 20. Majaribio ya bure ya Final Fantasy XIV yanafika kiwango cha 70, na Guild Wars 2 ya msingi haina malipo. Tengeneza wahusika watatu wa kada tofauti, cheza kila mmoja jioni yake, na uandike saa mkono ulipoanza kulalamika. Maumivu yakibaki hadi asubuhi, mwondoe huyo kwenye orodha hata kama ulimpenda, umrudie siku utakapopata kifaa kinachomfaa. Anayebaki ndiye wako.

Nanyi mnaoulizwa swali hili na mwenzenu, kabla ya kumtajia jina la kada, mwulizeni mkono wake unaweza nini.